Sarafu ya njano ya 1916 yenye taji na herufi T: siyo dhahabu, na siyo feki

Swali lenyewe nalifupisha ili na wengine waelewe. Kijana mmoja wa Tabora ananiandikia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Tulichanga na mwenzangu tukanunua ditekta ya metali ya mkononi, ya mtumba, tukawa tunapita shambani kwa shangazi baada ya kuvuna karanga, ni nje kidogo ya mji upande wa relini. Kina kama shibiri moja nikatoa maganda matatu ya risasi manene kama kidole, na sarafu moja ya njano nzito. Upande mmoja ina taji la mfalme, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili 20 HELLER na majani. Haina tundu, kingo zake hazijanyooka na taji limekaa pembeni. Baba mdogo kaisugua kwa limau na majivu sasa inang'aa vibaya. Sonara kaipima gramu 10.8, kwa rula ni karibu sentimita 3. Dalali wa kwanza anasema ni dhahabu ya Mjerumani, hiyo T ni Tanganyika na haishiki sumaku, ila tumpe laki tatu aende kuipima kwanza. Wa pili anasema ni feki ya kuchongwa mtaani maana imepindapinda, ananipa elfu tano. Nani mkweli?"

Marahaba mwanangu. Hakuna mkweli hapo. Wa kwanza anakuibia, wa pili ama hajui ama anajua sana.

Hiyo uliyookota ni heller 20 ya Tabora, imetengenezwa hapohapo mjini kwenu mwaka 1916 katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na ni ya shaba ya njano, yaani brasi. Siyo dhahabu. T siyo Tanganyika kwa sababu mwaka 1916 hakukuwa na nchi inaitwa hivyo, hilo jina Waingereza waliipa nchi hii 1920 baada ya vita. T ni Tabora. Wajerumani walikuwa na kawaida ya kuweka herufi ndogo kuonyesha sarafu imepigwa wapi, ukishika rupia au heller za miaka ya nyuma utakuta A ambayo ni Berlin au J ambayo ni Hamburg, sasa hizi za kwenu zikawekewa T. D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani, basi.

Sasa nieleze kidogo ilikujaje, maana bila hiyo historia hutaelewa kwa nini imepindapinda, na kule kupindapinda ndiko kunakomchanganya dalali wako wa pili.

Kabla ya vita hela zote za koloni zilikuwa zinapigwa Ujerumani zinaletwa kwa meli. Vita vikaanza 1914, manowari za Waingereza zikafunga pwani, meli haziingii. Huku ndani serikali ina askari wa kulipa, wapagazi wa kulipa, chakula cha kununua vijijini, na wenye rupia za fedha wanazificha, nani atoe fedha halisi wakati hajui kesho nani atakuwa mtawala. Wakajaribu noti za muda, wakachapa makaratasi hapahapa nchini mwaka 1915 na 1916, ila karatasi mkulima wa Unyanyembe, hapo kwenu Tabora, aifanyie nini? Mchwa anakula, mvua inaloanisha, na kama Mjerumani akishindwa ile ni karatasi ya kuwashia moto. Watu walitaka chuma kinacholia kikidondoka.

Kwa hiyo wakaenda kwenye karakana ya reli Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika hapo 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo karakana ilikuwa na mashine za kukata na kubana chuma na mafundi wanaojua kuzitumia. Brasi wakaitoa kwenye maganda ya risasi na ya mizinga. Wakayeyusha, wakasawazisha mabamba, wakakata visahani, wakavipiga chapa. Ndani ya miezi michache wakatoa heller 5 za brasi kama laki tatu, na heller 20 zaidi ya milioni moja, nyingi za njano kama yako na nyingine nyekundu za shaba yenyewe. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliotokea Kongo wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Ndiyo maana huwezi kukuta heller 20 ya 1915 wala ya 1917, ukiletewa ujue imechongwa na mtu mwenye njaa. Na wala kabla ya hapo hapakuwa na sarafu ya heller 20 kabisa, mfumo wao ulikuwa heller 100 kwa rupia moja, na wao walikuwa na nusu heller, heller 1, 5, 10, halafu robo rupia, nusu na nzima. Hii ya 20 ilizaliwa na shida.

Sasa rudi kwenye yale maganda matatu. Usiyatupe na usiyauze kwa wa vyuma chakavu. Manene kama kidole yaani kama milimita 11 hivi mdomoni? Kama ndiyo, huenda ni ya bunduki aina ya mwaka 1871, zile za baruti ya moshi mweusi walizokuwa nazo askari wengi wa Mjerumani vita vinaanza, askari akipiga moja tu wingu la moshi linamtaja alipo. Mimi hapo ndipo napopendea kitu chako kuliko hiyo dhahabu ya dalali: umechimba shimo moja ukatoa ganda la risasi na hela iliyotengenezwa kwa maganda ya risasi. Hao ni ndugu. Zungusha kitako cha ganda kwenye mwanga utaona herufi na tarakimu ndogo zimechapwa, zipige picha zote.

Ila hapohapo nikukanye. Mkikuta kitu kizito cha mviringo, kikubwa kama chupa ya soda au zaidi, kimeoza kutu, msikigonge na msikiondoe. Acheni, wekeni alama kwa mbali, mwambieni mwenyekiti na polisi. Vita ilipita hapo kwenu kweli, siyo hadithi, na kombora likikaa ardhini miaka mia halijasahau kazi yake.

Haya, ushahidi. Mimi sijaishika sarafu yako kwa hiyo nitakuonyesha njia ujiridhishe mwenyewe, usiniamini mimi tu.

Dalali kakwambia haishiki sumaku basi ni dhahabu. Aisee. Brasi haishiki sumaku, shaba haishiki, fedha haishiki, bati la soda la alumini halishiki. Sumaku inakutoa kwenye chuma na nikeli tu, haikupeleki kwenye dhahabu. Na ditekta nayo ikilia vizuri haisemi ni dhahabu, inasema kuna metali inayopitisha umeme vizuri.

Kipimo cha kweli ni maji na hakina gharama. Rudi kwa sonara mwenye ile mizani ya dijitali, umwombe dakika tano. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe kwenye maji yote ila isiguse chini wala pembeni, wewe umeshikilia uzi. Mizani itasoma namba ndogo, hiyo namba ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya 10.8 kwa hiyo namba. Ukisoma kama 1.27 jibu ni 8.5, hiyo ni brasi. Kama ingekuwa ile dhahabu waliyotumia Tabora kwa sarafu nyingine nitakayoitaja hivi punde, ya sehemu 750 kwa elfu, ungesoma kama 0.7 tu, maana dhahabu ni nzito na inakula nafasi ndogo. Tofauti ya 1.27 na 0.7 hata mizani ya bei rahisi inaiona. Kuwa makini na mapovu tu, yakiganda kwenye sarafu yanadanganya, itikise kidogo ndani ya maji kabla ya kusoma.

Halafu tena hata bila maji, dhahabu ya Tabora unaitofautisha kwa macho ukiwa umekaa mbali. Ndiyo, dhahabu ya Tabora ipo kweli, hapo dalali kachanganya ukweli na uongo kama kawaida yao. Mwaka huohuo 1916, karakana ileile, walipiga sarafu ya rupia 15 ya dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke huko Iramba, Singida. Upande mmoja ina tembo kanyanyua mkonga na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kijerumani na maneno 15 RUPIEN na DEUTSCH OSTAFRIKA yameandikwa kamili. Ni ndogo, milimita 22 hivi, uzito gramu 7 na kidogo. Yako ina milimita 29, haina tembo, haina tai, imeandikwa heller. Kwa hiyo hata mtoto wa darasa la pili akiwekewa hizo mbili mezani anazitenganisha.

Na kwa kuwa nipo hapo ngoja niseme la moyoni kuhusu "mali za Mjerumani". Kila wiki napokea mtu ana ramani, ana mti wenye alama ya msumari, ana jiwe lenye mshale, babu alisema, mganga alithibitisha, wanataka tu ditekta kubwa na mtu wa kuchangia dizeli. Tembo wa dhahabu wa Tabora wote walikuwa 16,198, ukipiga hesabu ya dhahabu safi iliyomo ni kama kilo 87 kwa jumla, yaani sarafu zote hizo kwa ujazo hazijazi hata kreti moja ya soda. Hizo ndizo sarafu za dhahabu zote koloni hili liliwahi kupiga kipindi kile, na nyingi ziko Ulaya kwenye makabati ya wakusanyaji. Sasa wewe unachimba shimo la mita nane nyuma ya boma unatafuta malori ya dhahabu, malori hayo yalipakiwa na nani? Kina baba wanauza ng'ombe kwa hili jambo, inauma.

Nduguye huyo ni mwenye rupia "inayovuta mchele". Ukiambiwa sarafu yako ikivuta punje za mchele inauzwa mabilioni, au ina zebaki ndani, simama uondoke. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Ile ni mbinu ya kukutoa pesa ya "vipimo", "kemikali", "mtaalamu kutoka nje". Laki tatu ya dalali wako ni hiyohiyo imevaa koti lingine. Mnunuzi wa kweli anatoa hela, hachukui.

Sasa dalali wa pili, anayesema feki. Huyu namwelewa kidogo, maana sarafu za Tabora ni mbaya kwa sura. Mtu aliyezoea rupia ya Berlin yenye Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake yenye tai, kila unywele wa sharubu unaonekana, akipewa hii ya kwenu lazima acheke. Visahani vilikatwa unene tofauti, ndiyo maana uzito unapishana sana sarafu kwa sarafu, usishtuke ukiona mwenzako ana ya gramu 9 au ya 12. Chapa, yaani vile vyuma vya kugongea picha, zilichongwa kwa mkono, zikachoka, zikapasuka, utaona mistari iliyovimba kwenye uwanda wa sarafu, yaani sehemu bapa isiyo na picha wala herufi, hiyo ni nyufa za chapa na ni kitu kizuri, feki ya kumimina kwenye udongo hainakili vile kwa ukali. Taji kukaa pembeni ni kwamba kisahani hakikukaa sawa chini ya mashine. Fundi yuko kwenye vita, brasi ni ya maganda, mzungu anapiga kelele hela zinahitajika, nani atapima katikati.

Feki inayokutisha ni ya kumimina. Angalia ukingo kwa lensi, ukiona mshono umezunguka kama wa chapati mbili zilizobanwa, hiyo imemiminwa. Angalia uwanda, ukiona vitundu vidogovidogo kama vya mkate, na herufi zimevimba laini kama sabuni iliyotumika, shaka. Ya kweli ina herufi zenye mabega makali hata kama zimechakaa. Ila nikwambie, mtu mwenye akili ya kughushi anaghushi tembo wa dhahabu, hahangaiki kughushi heller 20 halafu akaifukia shibiri moja chini ya karanga za shangazi yako pamoja na maganda ya risasi. Mahali ulipoitoa ndiyo cheti chake. Kwa hiyo andika leo kabla hujasahau: tarehe, kina, hatua ngapi kutoka relini, kilichokuwa jirani. Watu wengi wanachimba wanarusha vyote kwenye ndoo moja, jioni hawajui kipi kilitoka wapi, hapo nusu ya thamani ya kitu imeshapotea na haijarudi.

Na sasa kazi ndogo kwako, hii ndiyo sehemu mimi naipenda. Heller 20 za Tabora siyo za aina moja. Kwanza taji: kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Halafu geuza upande wa pili, tazama zile L mbili kwenye neno HELLER, tazama ncha za miguu yake. Kuna sarafu ambazo L zote mbili zina ncha iliyochongoka, kuna ambazo zote mbili ncha imejikunja, na kuna ambayo ni L ya pili tu imejikunja. Changanya na taji mbili, changanya na brasi na shaba nyekundu, unapata michanganyiko kadhaa na baadhi ni adimu kuliko nyingine. Wakusanyaji wa nje wanalipa kwa hiyo ncha ya L, nakwambia kweli, sarafu mbili zinafanana kwa macho ya sokoni moja inauzwa mara kadhaa ya nyenzake sababu ya mkia wa herufi.

Bei sasa, maana najua umesoma haraka ukitafuta hapa. Heller 20 ya brasi ya aina ya kawaida, iliyotumika, ni makumi ya dola. Siyo mamia, siyo maelfu, ila pia siyo shilingi elfu tano. Tembo wa dhahabu ndiye anaenda maelfu ya dola kadri ya hali yake. Yako itakuwa chini kwenye hayo makumi, na kosa ni la limau.

Hapo naomba baba mdogo asinikasirikie, na mimi nina dhambi hiyohiyo. Miaka ya mwanzo nilipata sarafu ya shaba ya 1890 iliyoitwa pesa, ile ya kampuni ya Kijerumani yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ilikuwa na rangi nzuri ya chokoleti ya miaka mia, mimi nikaona ni uchafu nikaipiga dawa ya meno na mswaki. Ikawa ya pinki. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka, akaiweka kwenye kiganja akaitazama, akanirudishia bila kusema neno, akaendelea kupima mchele wa mteja. Ninayo mpaka leo, nimeiweka mezani inikumbushe. Ile rangi ya juu ni ngozi ya sarafu, ukiivua haivai tena.

Kwa hiyo kuanzia sasa, ukitoa sarafu ardhini usiisugue hata kwa dole gumba, mchanga wa Tabora una kwatzi, yaani punje za jiwe gumu, unakwaruza. Iloweke kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke siku moja mbili, ubadilishe maji, udongo utaachia wenyewe, kaushia kwa kuigusisha kitambaa laini, usifute. Haya maji wanauza vituo vya mafuta wanaita maji ya betri, SASA HAPO MAKINI, uliza yale ya kujazia, siyo asidi, maana wengine wote wanaita maji ya betri na kopo zinafanana. Ukiloweka kwenye asidi itaharibika. Ikiwa na kutu ya kijani ngumu iache. Na usiiweke kwenye mfuko wa plastiki laini, zile pochi za kunukanuka, plastiki ile inatoa mafuta yanayokula shaba taratibu. Bahasha ya karatasi kavu inatosha, andika juu maelezo yake.

Hiyo yako iliyosuguliwa usiirudie. Iache tu ndani ya bahasha, miaka itaitia giza tena kidogokidogo. Usijaribu kuipaka mafuta ya nazi wala polishi ya viatu kuizeesha, wanaojua wanaona.

La sheria nisilipite maana mna ditekta. Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa mali ya kale inayolindwa. Heller yako ya 1916 ni baada ya mstari huo. Lakini Tabora siyo mji wa juzi, ilikuwa kituo cha misafara kabla Mjerumani hajafika, kwa hiyo chini ya hilo shamba msishangae mkikuta shanga, bangili za shaba, au vitu vya zamani kuliko hizo heller. Kuchimba kwa makusudi ya kutafuta mali za kale kunahitaji kibali, siyo ruhusa ya shangazi peke yake. Mkianza kuona vigae vya vyungu vingi, msingi wa nyumba, mifupa, wekeni jembe chini mpeleke taarifa halmashauri au Idara ya Mambo ya Kale. Na msiende na ditekta kwenye eneo la makumbusho kama Kwihara wala makaburi, hilo sitaki hata kulisikia.

Sarafu nyingine ambazo naweza kubashiri mtakutana nazo hapo, nitaje harakaharaka. Heller 5 na 10 zenye tundu katikati, hizo ni za kabla ya vita, nyingi tu. Pesa ya Zanzibar ya Sultani Sayyid Barghash yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Na kubwa nzito ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780, hiyo ni reale, dola ya Maria Theresia wa Austria. Ukiipata usiruke juu ukisema ni ya miaka 240, maana waliendelea kuipiga kwa mwaka uleule 1780 kizazi baada ya kizazi, wafanyabiashara wa Uarabuni na pwani ya kwetu walikataa yenye mwaka mwingine. Ya kweli inakaribia gramu 28 na upana kama milimita 40. Ikiwa nyepesi sana au inashika sumaku, tupa kule.

Jambo moja nililibakiza. Wewe umeniandikia "baba mdogo anasema hela yake ya sabuni niirudishe" kwenye ule ujumbe wa pili. Hilo neno hela limetoka humohumo mkononi mwako. Ni heller. Wazee wetu walilipwa heller, wakasema hela, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaleta shilingi na senti, heller zikafa, neno likabaki linazunguka daladalani mpaka leo. Sasa ukimrudishia baba mdogo hela ya sabuni, mwonyeshe na hii, umwambie hela yenyewe ndiyo hii aliyoisugua.

Kuuza au kutouza ni juu yako na mwenzako na shangazi, maana shamba ni lake na yeye ana fungu, msije mkagombana kwa brasi. Mimi ningekuwa wewe ningeiweka na yale maganda matatu pamoja, bahasha moja na maelezo ya shimo, hivyo vinne pamoja vinaeleza kitu ambacho sarafu peke yake haielezi. Ukiamua kuuza, usimpe dalali aondoke nayo, muuzie anayelipa papohapo na umpe picha kabla.

Nisubirie picha mbili: moja ya taji limejaa skrini, moja ya zile L. Piga nje kivulini asubuhi, usitumie flashi, weka rula pembeni. Nikiona mguu wa L ya pili nitakwambia ni ipi kati ya zile.